Karatasi Mbele ya Mtahiniwa: Insha ya Nyaraka na Historia ya Nakivale

Katika mitihani ya Historia hakuna swali linalowatisha wanafunzi wengi wa Ngarama kama lile linalokuja na karatasi zake. Swali la kawaida humtaka mwanafunzi aeleze sababu za jambo fulani, naye hufungua ghala la kichwa chake akatoa alichohifadhi. Swali la nyaraka humwekea mezani barua ya ofisa, kifungu cha sheria, ushuhuda wa mkimbizi, pengine na jedwali la takwimu, kisha humwuliza: kutokana na hizi, pamoja na unayoyajua, unasemaje? Hapo wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaozirudia karatasi kwa maneno mengine, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kama mtu anayesoma majina siku ya mgao. Na wapo wanaozisukuma pembeni wakaandika noti za daftarini kana kwamba hawakupewa chochote. Wote wawili huandika kurasa nyingi na kupata alama chache.

Hoja yangu ni kwamba ujuzi unaotakiwa katika insha ya namna hii si mgeni kwetu. Mahali ambapo kila kaya inaishi kwa karatasi, hata mtoto wa darasa la nne anajua kuwa karatasi imeandikwa na mtu fulani, kwa kazi fulani, na kwamba kuna mambo haikuyaandika. Tunachoshindwa ni kuingia na ujuzi huo katika chumba cha mtihani. Aidha, historia ya eneo hili, kuanzia Ankole ya kikoloni hadi Nakivale ya leo, inatupa mazoezi mazuri kuliko mifano ya vitabuni ambayo tumeikariri bila kuigusa.

Chanzo cha tatizo si uvivu. Mwanafunzi aliyetoka Uvira au Bukavu akiwa amekaribia kumaliza sekondari aliandaliwa kwa Examen d'État, ambako maswali mengi ni ya kuchagua jibu moja sahihi kati ya yaliyoorodheshwa. Huko jibu lipo tayari. Kazi ni kulitambua. Aliyesoma Uganda tangu mwanzo naye kwa miaka mingi alinakili noti ubaoni na kuzirudisha kwenye mtihani kwa mpangilio uleule. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020, ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa UNEB mwaka 2024, umebadilisha mambo: Historia na Elimu ya Siasa sasa huja na hali inayosimuliwa, na mwanafunzi hutakiwa kuifanyia kazi. Jambo hili halikubuniwa kwetu. Marekani waliingiza swali la nyaraka katika mtihani wa historia wa Advanced Placement mwaka 1973. Lakini mtindo ukihama kutoka nchi moja hadi nyingine haubebi walimu wake mgongoni, na madarasa mengi bado yanafundishwa kwa njia ya zamani na kutahiniwa kwa njia mpya.

Tuanze na karatasi iliyo karibu zaidi, ile ya familia inayoandikwa wakati wa usajili. Ina majina, umri, nchi ya asili, tarehe, idadi ya watu. Je, inasema ukweli? Inasema waliosajiliwa siku ile ni akina nani. Haisemi ni akina nani wanaolala nyumba moja leo. Mtoto aliyezaliwa juzi bado hayumo. Shangazi aliyeingia mwaka jana ana karatasi yake peke yake ingawa chungu ni kimoja. Kaka aliyehamia Mbarara mjini kutafuta kazi bado anahesabiwa. Kila mzazi wa Nakivale anayajua haya, na anajua pia kwa nini: karatasi ile ilitengenezwa ili kugawa chakula na kumlinda mtu kisheria, haikutengenezwa kueleza undugu. Sasa mfikirie mwanahistoria wa mwaka 2080 anayetaka kujua kaya za Nakivale zilikuwa na watu wangapi, naye ameshika karatasi hizo tu. Atakosea, isipokuwa ajiulize zilitengenezwa kwa kazi gani. Swali hilohilo ndilo mtahini anataka tumuulize ofisa wa mwaka 1905.

Na tumchukue ofisa wa mwaka 1905 kweli. Tarehe 19 Mei mwaka huo, Harry St. George Galt, ofisa Mwingereza aliyesimamia Jimbo la Magharibi, alichomwa mkuki akafa pale Ibanda, kaskazini ya Mbarara, alipokuwa amepumzika katika nyumba ya wasafiri. Rundo la mawe lililojengwa kwa kumbukumbu yake lipo hadi leo. Mtu aliyetajwa kuwa ndiye aliyerusha mkuki, Rutaraka, alikutwa amekufa kabla hajahojiwa. Machifu wawili walishtakiwa kwa kula njama na wakahukumiwa, lakini mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu. Serikali nayo ilisimamisha Mkataba wa Ankole wa mwaka 1901, ule uliomtambua Kahaya kuwa mtawala wa Ankole chini ya Waingereza, na haukurudishwa hadi mwaka 1912.

Swali la mtihani lingekuwa hivi: kwa kutumia nyaraka ulizopewa, eleza kwa nini Galt aliuawa. Mwanafunzi mnakili ataandika: waraka wa kwanza unasema aliuawa na Rutaraka, waraka wa pili unasema machifu walihusika, waraka wa tatu unasema watu waliwachukia Waingereza. Hapo amemaliza, na kusema kweli bado hajaanza. Ofisa aliyekwenda Ibanda kuchunguza alikuwa na shida yake mwenyewe: mkubwa wa jimbo ameuawa, mtuhumiwa hawezi tena kusema, na wakubwa wa Entebbe wanataka jibu. Shahidi wa Kinyankole aliyesimama mbele yake alikuwa na shida nyingine: akitaja jina la mtu mkubwa anajipatia adui, akinyamaza anaonekana mshirika. Juu ya hayo kulikuwa na mashindano ya ndani. Nuwa Mbaguta, Enganzi, yaani waziri mkuu wa Ankole, alikuwa wa ukoo wa Bashambo kutoka upande wa Mpororo, si wa Bahinda, ukoo wa kifalme wa Nkore, na nguvu aliyopewa na Waingereza iliwaudhi wengi. Mauaji yale yangeweza kumharibia yeye mbele ya Waingereza, na uchunguzi wenyewe ungeweza kutumiwa kuwaharibia wapinzani wake. Basi kila ushahidi uliotolewa mwaka 1905 ulikuwa pia silaha ya mtu fulani.

H. F. Morris aliandika juu ya kisa hiki katika jarida la Uganda Journal mwaka 1960, zaidi ya nusu karne baada ya tukio, na bado hatuna sababu moja inayokubaliwa na wote. Wanafunzi huvunjika moyo wakisikia hivyo: kama wataalamu hawajui, mimi nitaandika nini? Mtahini hakuulizi ili umkamate muuaji. Anapima kama unaweza kuonyesha ni jambo lipi nyaraka zinalithibitisha na ni lipi zinalidokeza tu. Kuhusu Galt zinathibitisha vizuri kwamba serikali ya kikoloni iliwajibisha nchi nzima, kwa sababu kusimamishwa kwa Mkataba ni tendo la serikali lenyewe, lililoandikwa na waliolitenda. Nia ya muuaji zinaidokeza tu. Mwanafunzi anayeandika sentensi hizo mbili na kuzieleza ameshawapita wenzake wengi darasani.

Huo Mkataba wa 1901 nao ni waraka wa kusoma kwa tahadhari. Kwa jina ni makubaliano, na neno hilo peke yake linashawishi: pande mbili zimekaa, zimeelewana, zimetia alama zao. Lakini ulikusanya chini ya jina la Ankole maeneo kama Buhweju, Igara na Bunyaruguru, ambayo yalikuwa na watawala wao wenyewe na hayakuwa yakitawaliwa na Nkore kwa namna ile. Mwanafunzi akipewa kipande cha Mkataba na kuulizwa mipaka ya ufalme wa Nkore kabla ya ukoloni, mtego uko hapo. Waraka haukueleza Ankole iliyokuwapo, ulikuwa unaitengeneza. Sioni kosa linalorudiwa zaidi katika insha zetu kuliko hili la kuchukua maandishi yanayoamrisha kana kwamba yanasimulia.

Majina ya mahali yana mtego wake pia. Anayetafuta neno Isingiro kama wilaya katika karatasi za mwaka 1982 hataliona, kwa sababu wakati ule Ngarama na Nakivale zilikuwa ndani ya wilaya ya Mbarara. Ukirudi nyuma zaidi, miaka ya 1960, yote ni Ankole, kwanza kama ufalme, kisha, baada ya falme kufutwa mwaka 1967, kama wilaya tu. Hivyo jedwali linalosema wakimbizi wa Ankole na ripoti inayosema watu wa Mbarara huenda zinazungumzia kijiji kilekile, au huenda ya pili inazungumzia mahali padogo zaidi. Anayelinganisha takwimu bila kuuliza mipaka anapima unga kwa debe upande mmoja na kwa kikombe upande mwingine.

Mwaka 1982 wenyewe unahitaji kukaliwa, maana hapa kwetu si sura ya kitabu. Mwezi Oktoba mwaka huo, wakati wa serikali ya pili ya Obote, vijana wa chama cha UPC pamoja na maofisa wa serikali na askari waliwafukuza Wanyarwanda kutoka vijiji vya Ankole. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wapatao 40,000 walivuka kwenda Rwanda na wengine wapatao 35,000 wakakimbilia makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Oruchinga.

Tuseme swali linakuja na tangazo la viongozi wa wilaya, barua ya shirika la misaada na masimulizi ya mzee. Neno la kulikamata katika zote ni hili: Wanyarwanda. Katika tangazo linaweza kumaanisha wakimbizi waliotoka nje ya makazi yao kinyume cha sheria. Katika barua linaweza kumaanisha wakimbizi waliosajiliwa. Lakini waliofukuzwa walikuwa wa aina nyingi: waliokimbia baada ya mwaka 1959, waliokuja kutafuta kazi tangu miaka ya 1920, na wengine wanaozungumza Kinyarwanda ambao babu zao waliishi upande huu wa mpaka kabla mpaka wenyewe haujachorwa, yaani raia. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1960 ilimtaka mkimbizi aishi mahali alipopangiwa na kupata kibali cha kutoka. Kwa hiyo kumwita raia mkimbizi haikuwa kukosea msamiati. Ilikuwa njia ya kumtoa shambani kwake. Insha inayofuatilia neno hilo moja katika karatasi tatu, ikaonyesha jinsi maana yake inavyopanuka na kusinyaa kwa kufuata anayeandika, itakuwa na hoja kuu bila kuitafuta mbali. Na hapo ndipo maarifa ya nje ya karatasi hupata kazi yake: mwanafunzi anayejua sheria ya 1960 anaitumia kufungua waraka, haimwagi tu mwishoni ili ionekane amesoma.

Masimulizi ya mzee nayo yasidharauliwe wala yasiabudiwe. Nimesikia wenzetu wakidai kwamba ushuhuda wa mdomo ni dhaifu kwa sababu hauna tarehe. Ni kweli mzee anaweza kuchanganya miaka. Lakini atakuambia jirani gani alifungua zizi na jirani gani alificha watoto, na hakuna ofisa aliyekuwa na sababu ya kuandika mambo hayo.

Kwa wenzetu wanaotoka Kongo kuna mfano unaostahili kujulikana zaidi, maana umeandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, watu waliowahi kufanya kazi katika nyumba za Wazungu walitoa kitabu kidogo kilichopigwa chapa, jina la André Yav likiwa juu yake. Kinasimulia historia ya mji na ya Kongo kama wao walivyoiona. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990. Kiswahili chake si cha Unguja. Ukikisoma ili kutafuta tarehe utakuta makosa. Ukikisoma ili kujua waliopika na kufua kwa mabwana wa Union Minière waliwaelewaje mabwana hao, hakuna hifadhi ya nyaraka Brussels itakayokupa kitu bora zaidi. Kwa maneno mengine, uzito wa waraka hutegemea swali lililoulizwa. Wanafunzi wengi hutangaza mapema kwamba waraka fulani una upendeleo, wakadhani wameumaliza. Upendeleo wa watumishi wa Elisabethville ndio hasa tunaoutaka.

Hebu tuone tofauti hiyo kwenye karatasi ya majibu. Nimetunga mifano hii miwili mwenyewe. Wa kwanza: "Waraka A ni tangazo la serikali na una upendeleo. Unasema Wanyarwanda waliingia kinyume cha sheria. Waraka B unasema waliteswa. Hivyo nyaraka zinapingana." Wa pili: "Tangazo katika Waraka A linawaita wote wakimbizi, jambo lililowasaidia viongozi kuonyesha kwamba wanatekeleza sheria ya 1960. Lakini Waraka B, ulioandikwa na shirika lililopokea waliofukuzwa, unataja watu waliokuwa na kadi za kodi za Uganda. Kama wote wawili wanaeleza watu walewale, basi sheria ilitumiwa kwa watu ambao haikuwahusu." Mfano wa pili si mrefu sana kuliko wa kwanza, na Kiswahili chake si cha kifahari. Unatofautiana na wa kwanza kwa sababu nyaraka zimekutanishwa zikaulizana, na jibu limetoka katika kukutana kwao. Neno "kama" katika sentensi ya mwisho lina thamani kuliko mapambo yote; linamwonyesha mtahini mahali hoja inapoweza kuvunjika.

Juu ya muda nitasema machache. Robo ya kwanza ya muda wa swali itumike kusoma na kuandika pembeni mwa kila karatasi: nani, lini, kwa ajili ya nani, amenyamazia nini. Wengi huogopa kuona wenzao wameshaanza kuandika. Waache waandike.

Fumbo la mwisho linahusu mwanzo wa Nakivale yenyewe. Maandishi mengi ya mashirika yanasema makazi yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na mengi yanaongeza kwamba yaliwekwa kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda. Lakini machafuko yaliyowakimbiza Watutsi yalianza Novemba 1959. Mwanafunzi wa noti haoni tatizo. Anaandika 1958 na kuendelea. Mwanafunzi aliyezoea nyaraka anasimama. Je, palikuwa na watu waliopangiwa eneo hilo kwa sababu nyingine kabla ya 1959? Je, mwaka ule ni kosa lililoandikwa mara moja, kisha likanakiliwa? Ripoti kumi zenye mwaka uleule si mashahidi kumi kama zote zimenakili ripoti moja. Wa kuulizwa ni Gazeti la Serikali la wakati ule, barua za maofisa wa Ankole, na wazee wa vijiji vya Ngarama waliokuwapo kabla ya mipaka kuwekwa.

Miaka hiyo miwili inaweza kuonekana midogo. Lakini mabishano ya ardhi kati ya wakimbizi na wenyeji wanaopakana nao yamezunguka hapohapo kwa miaka mingi: nani alikuwapo wakati mpaka unawekwa, mpaka wenyewe ulipita wapi, na nani aliingia baadaye. Mwenyeji huambiwa amevamia ardhi ya makazi; naye hujibu kwamba babu yake alizikwa pale kabla ya makazi. Mkimbizi huonyesha kiwanja alichopewa, na sheria ya mwaka 2006 inamruhusu kukitumia bila kukimiliki. Wote wawili huenda ofisini na karatasi, na anayeweza kueleza karatasi yake iliandikwa lini, na nani, na inanyamazia nini, husikilizwa kwa namna nyingine. Vijana wanaoitwa na wazazi wao kwenda kuwasomea karatasi hizo ndio haohao walioketi jana kwenye chumba cha mtihani wakinakili Waraka A.